Mtoto hapendi kusoma? Anza kwa kuacha kumtahini

Kuna swali binti yangu alikuwa ananiuliza kila jioni akifika chini ya ukurasa: "Baba, nimemaliza?" Sio "alafu ikawaje", sio "huyu fisi atakamatwa", ni nimemaliza tu, kama mtu aliyetumwa maji anauliza zimebaki ndoo ngapi. Alikuwa darasa la tatu na kusoma anajua, anatiririka hakwami, mimi nimekaa pembeni kidole kiko kwenye mstari nasubiri akosee nimrudishe. Sasa siku moja nikamuuliza, hivi huyu sungura kwa nini kajificha? Akanitazama. Akaangalia picha. Yaani kasoma kurasa nne kwa sauti na hana habari kama humo ndani kuna sungura.

Hapo ndo nikaona nilichofanya. Kitabu pale nyumbani nilishakigeuza mtihani, na hamna mtoto anayependa mtihani, hata wewe mwenyewe ulikuwa huupendi. Kwa hiyo haya nayoandika hapa ni yale niliyobadilisha baada ya siku ile, mengine nimeyaokota kwa walimu na wazazi wenzangu, na makosa yangu nitayataja njiani. Nimeweka namba ila usimeze kama dozi, ruka uende kwenye inayokuhusu.

Hatua ya 1: Jua kwanza, hawezi au hapendi?

Hivi ni vitu viwili na watu tunavichanganya kila siku. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilisema jambo hili kwa njia ya hesabu: kusoma kwa kuelewa ni kuweza kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara kuielewa lugha yenyewe. Mara, sio jumlisha. Maana yake upande mmoja ukiwa sifuri basi jibu ni sifuri hata upande wa pili ungekuwa umejaa pomoni.

Kupima nyumbani ni rahisi. Chukua kile kile kitabu kilichomshinda, umsomee wewe. Akitoa macho na kuanza kukuuliza maswali, jua stori anaipenda, kinachomtesa ni herufi. Akipiga miayo hata ukimsomea wewe, basi kitabu chenyewe hakimhusu au lugha yake imempita kimo. Na akisoma mwenyewe mstari kwa mstari alafu ukimuuliza hana habari, huyo ndo kama wangu, anasoma kikasuku.

Na Kiswahili kina mtego wake hapa ambao watu hawauoni. Maandishi yetu yamenyooka sana, vokali tano tu, a ni a popote utakapoikuta, mtoto akishazishika silabi anaweza kukusomea hata hotuba ya bajeti mwanzo mpaka mwisho bila kuelewa kitu. Sisi tunapiga makofi, mtoto anajua kusoma! Kumbe anajua kutoa sauti. Nusu ya kazi bado.

Hatua ya 2: Msomee, hata kama ni mkubwa

Hii ndo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwangu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wazazi wengi tunamsomea mtoto akiwa mdogo, akishajua kusoma tunaacha siku hiyo hiyo, kama mtu aliyefundishwa baiskeli na kusukumwa barabarani. Shida ni kwamba mtoto wa darasa la pili au la tatu anaelewa stori kubwa sana akiisikia ila anachoweza kusoma mwenyewe ni "Juma ana mpira. Mpira ni mwekundu." Sasa nani atapenda hiyo? Wewe ungependa? Masikio yake yako mbele ya macho yake kwa miaka kadhaa, na wewe ndo daraja. Ukimsomea stori nzito yenye mtu muongo, yenye hatari, yenye kitu kinamchekesha, unamwonesha kilichopo ndani ya vitabu ambacho yeye mwenyewe bado hakifikii. Hata wa darasa la tano na la sita wanasomewa, wanajifanya hawataki mbele ya wenzao tu.

Namna ninavyofanya: dakika kumi mpaka kumi na tano, kabla ya kulala, simu naiacha chumba kingine kabisa sio kuigeuza kifudifudi maana ikitetema nitaitazama najijua. Yeye anakaa ubavuni anaona maandishi. Nasoma polepole kuliko nilivyozoea, kwenye hatari nashusha sauti badala ya kupandisha, utaona anasogea. Sauti za wahusika najaribu ila sina kipaji, binti aliniambia "baba fisi wako ana mafua" na tangu hapo fisi wote nyumbani kwetu wana mafua, ikawa ndo raha yenyewe. Usiogope kuchekesha vibaya.

Alafu acha pale patamu. Mlango umegongwa, nani yuko nje hatujui, funga kitabu, usiku mwema. Watalalamika sana na hicho ndo tunachotaka. Siku ya tatu ya kufanya hivi niliamka asubuhi nikakuta kitabu hakiko nilipokiweka, kiko chini ya mto wake, na aliyekuwa nje ya mlango akanitajia yeye.

Dakika kumi unaziona kidogo? Kila siku kwa mwaka ni dakika 3,650, zaidi ya masaa 60. Hata ukikosa siku nyingi katikati bado ni nyingi.

Hatua ya 3: Achague mwenyewe, hata kama wewe hukipendi

Mtoto akichagua kitabu cha majoka, cha wachezaji mpira, cha vichekesho vya picha, vitendawili, maelezo ya jinsi ndege inavyoruka, mwache. Katuni za kwenye karatasi nazo ni kusoma. Mwongozo wa gemu ni kusoma. Mimi nilinunua vile vitabu "vya maana" vya tabia njema nikavipanga, vikabaki vipya mpaka vumbi likaingia, huku kijitabu kimoja cha mende anayetaka kuwa rubani kimesomwa mpaka jalada likang'oka.

Na kurudia kitabu kile kile mara ishirini sio uvivu. Anaporudia, maneno yanakuwa yameshamkaa kichwani, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kufuata stori badala ya kupambana na silabi. Mwache arudie.

Kujua kama kitabu kina saizi yake kuna kanuni ya vidole vitano walimu wengi wanaitumia: afungue ukurasa wowote wa katikati asome, kila neno asilolijua anakunja kidole. Kimoja au viwili, safi. Vitatu, kitamchangamsha. Vinne, msome pamoja. Vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, hicho msomee wewe au kisubiri mwakani. Uzuri wake anapima mwenyewe, husemi wewe kwamba kimemshinda.

Hatua ya 4: Weka kitabu njiani mwake

Vitabu vilivyofungiwa kabatini visichafuke havisomwi. Viweke anapofika mkono, jalada likitazama nje sio mgongo, mtoto anavutwa na picha. Kimoja kwenye begi, kimoja pale mnapokaa. Vitachanika, ndio, nunua gundi ya karatasi uwafundishe kubandika.

Na muonekane mkisoma. Huwezi kumwambia kasome huku wewe umeinamia simu masaa mawili, atakuelewa vibaya, au tuseme atakuelewa vizuri sana. Na kama unasoma kwenye simu basi mwambie, "nasoma habari ya mtu aliyepotea baharini, ngoja nikupe kipande", maana kwake yeye simu ni simu.

Hatua ya 5: Usimlipe na usimwadhibu kwa kitabu

Hapa najua tutabishana. "Soma kurasa kumi ndo uangalie katuni." Nilikuwa nasema hivyo kila siku na nilijiona mzazi makini kweli. Sikiliza lakini unachomfundisha: katuni ndo tamu, kitabu ndo uchungu wa kupitia kabla ya utamu. Vivyo hivyo mtoto kapigana na mdogo wake unamwambia nenda chumbani ukasome. Umemhukumu kifungo, na gereza ni kitabu.

Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett huko Marekani, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda wenyewe kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi lingine hawakuahidiwa ila walipomaliza wakapewa, la tatu hawakupewa kitu. Baadae kalamu ziliporudishwa darasani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walizigusa kwa kama nusu tu ya muda wa wenzao. Walikuwa wanapenda bure, wakaja kufundishwa kuwa ni kibarua. Ni kuchora sio kusoma, najua, ila mimi niliposikia niliufikiria ule mpango wangu wa stika kwenye friji nikaenda kuubandua.

Kama lazima umzawadie, mpe kitabu kingine, au muda wa ziada na wewe, dakika tano zaidi kabla ya kuzima taa. Hiyo haimuharibu.

Hatua ya 6: Anapokusomea, funga mdomo

Ngumu hii. Mtoto anakwama na wewe jibu unalo, ulimi unawasha. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamsaidia, mara nyingi atajitoa mwenyewe. Akisoma "nyumbani" badala ya "nyumba" na stori inaendelea vilevile, achana nayo. Akisoma "alipika" badala ya "alipiga" hapo maana imegeuka, msubiri afike mwisho wa sentensi umuulize tu, "eti alimpika mwizi?" Atacheka, atarudi kurekebisha mwenyewe, na hapo amejifunza kitu kikubwa kuliko neno lenyewe, kwamba alichosoma lazima kiingie akilini.

Maneno marefu ndo ugonjwa wa Kiswahili. Neno moja linabeba sentensi nzima: hawakumfungulia. Mtoto akiliona hivyo anaona treni. Usimsomee, chukua kidole au kipande cha karatasi ulifunike lote, fungua kidogo: hawa. Alafu ku. Alafu m. Alafu fungulia. Kina nani? Wao. Walifanya au hawakufanya? Hawakufanya. Hawakumfungulia nani? Yule aliyekuwa anagonga. Basi! Fanya hivyo kwa maneno mawili matatu tu kwa siku isije ikawa somo la sarufi, ndani ya wiki chache utamuona anafunika mwenyewe kwa dole gumba. Angalia pia ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ile alama ndogo ya juu wengi wanairuka, na ile m ya mto na mtu inayosimama peke yake kama silabi, hizo ndo zinawaangusha sana.

Akichoka mbadilishane, wewe aya moja yeye aya moja. Au yeye asome maneno ya sungura tu na wewe usome mengine yote. Kwa mtoto anayekwama kwama hiyo ya mwisho inaokoa jahazi, maneno machache lakini ana zamu yake na lazima afuatilie asije akapitwa nayo.

Hatua ya 7: Badilisha maswali

"Hadithi hii inatufundisha nini?" Nawaomba jamani, tupumzike na hili swali. Mtoto kamaliza kucheka na fisi aliyenaswa mkia unamuuliza funzo, anajibu "tusiwe na tamaa" maana anajua ndo jibu la hadithi zote, na mlango umefungwa. Uliza kitu ambacho na wewe jibu huna. Ungekuwa wewe ungemfungulia? Unadhani anadanganya? Nani hapa humpendi? Kabla hujafungua ukurasa, unabashiri nini? Na asipotaka kujibu basi, siku nyingine kitabu kinaisha mnakaa kimya tu, kinatosha.

Hatua ya 8: Kama vitabu hamna

Tengenezeni. Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati zote pamoja, shona au piga stepla kwenye mkunjo, una kitabu cha kurasa 16. Mtoto asimulie, wewe uandike vilevile anavyosema, usimsafishie lugha, kama kasema "akatoka nduki" andika akatoka nduki. Yeye achore picha. Hicho atakisoma kwa ufasaha kuliko kitabu chochote kwa sababu maneno ni yake, na atakisoma kwa kila mgeni atakayekanyaga kwenu jiandae. Sisi tunavyo sita, cha kwanza kinahusu mbuzi anayeogopa mvua na jina langu liko nyuma kama "mwandishi msaidizi".

Kwenye simu kuna African Storybook na StoryWeaver, zote zina vitabu vya picha vya watoto vya bure, Kiswahili kipo, na vimepangwa kwa ngazi za ugumu. Pakua vichache mapema, wakati wa kusoma zima data, usipozima tangazo moja tu litaondoka nae. Maktaba kama ipo mpeleke achague na kubeba mwenyewe. Na wazazi watatu wenye vitabu vitanovitano wakizungushiana, kila mtoto ana 15.

Kwa walimu kidogo

Sitawafundisha kazi ila nilichokiona kinafanya kazi darasani ni viwili. Robo saa ya kila mtu kusoma kimya anachotaka, na mwalimu nae anasoma, hasahihishi madaftari, maana akisahihisha watoto wanaelewa kuwa kusoma ni kitu cha kuwanyamazisha. Hakuna maswali baada ya hapo, hakuna ripoti.

Cha pili ni wakubwa kuwasomea wadogo. Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa shida hawezi kuonekana na kitabu cha darasa la pili, aibu itamuua. Lakini mwambie Ijumaa utamsomea mtoto wa la pili, kwa hiyo lazima ukifanyie mazoezi hicho kitabu chembamba. Sasa ana sababu ya heshima ya kukisoma mara kumi. Nimemuona mmoja, kijana mrefu wa kuinama mlangoni, anafanya mazoezi ya sauti ya kuku peke yake nyuma ya darasa.

Wakati sio mapenzi, ni kitu kingine

Ukiona anasogeza kitabu puani, anafumba jicho moja, anaruka mistari au kichwa kinamuuma kila akisoma, mpeleke apimwe macho kabla ya kumuita mvivu. Masikio pia kama anakosea sana sauti zinazofanana. Kuchanganya b na d kwa anayeanza ni kawaida, wasiwasi uje kama anafikia miaka nane na zaidi bado, anasoma kwa tabu mno wakati kwa mdomo ni mwerevu anakuzidi hoja, na hasa kama kwenye ukoo kuna mwingine aliyekuwa hivyo. Inaweza kuwa disleksia, yaani shida ya kutambua na kusoma maneno yaliyoandikwa, ambayo haihusiani na akili ndogo, inahitaji kufundishwa sauti na herufi kwa mpangilio, taratibu, na mtu anayejua. Kumchapa hakuondoi. Wakati mnasubiri msaada endelea kumsomea, huko kwenye masikio hana tatizo.

Inachukua muda gani? Sisi zilipita kama wiki sita ndo lile swali likapotea na hata sikugundua lini. Kuna wiki hashiki kitabu kabisa, anacheza nje mpaka giza, simfuati. Juzi nilikuwa nimechoka nikaruka kurasa mbili nikidhani hajui, akaushika mkono wangu akazirudisha, "Baba, hujamaliza."